Wastani wa mwamba: Neno moja linapobeba hesabu tatu

Msomaji mmoja wa safu hii anayeishi Lokichar ameniandikia swali ambalo nimelizungusha kichwani kwa majuma mawili. Anasema tangu mafuta yagunduliwe katika kaunti yake amehudhuria mabaraza kadhaa ambako wataalamu huja na ramani za rangi na kutaja idadi ya mapipa yanayoweza kutolewa ardhini. Kila baraza huja na idadi yake. Alipouliza sababu, mkalimani alimjibu kwamba "wamepiga wastani upya." Naye ananiuliza: "Profesa, wastani si wastani tu? Hesabu ni ileile tuliyofunzwa shule ya msingi. Unapigwaje upya? Ama tunachezewa shere?"

Swali hili ni la jiolojia, lakini ni la lugha pia, na ndiyo maana ninalijibu hapa. Neno wastani tulilipata kutoka Kiarabu, ambako linahusu kilicho katikati. Katika mazungumzo ya kila siku linatutosha. Tunasema mvua ya wastani, bei ya wastani, mtu wa kimo cha wastani, na hakuna anayelalamika. Ila tukilipeleka chini ya ardhi, kwenye mwamba unaobeba mafuta, neno hilohilo hubeba hesabu zaidi ya moja, na hesabu hizo zinaweza kutoa majibu yanayopishana zaidi ya mara mia mbili. Yamkini mkalimani yule hakusema uongo. Alipungukiwa na maneno.

Mafuta hayamo ziwani

Tuanze na picha iliyomo vichwani mwetu. Tunasema kisima cha mafuta, na kisima kwetu ni shimo lenye maji ya kuteka. Wengine husema hodhi, wengine bwawa. Maneno haya humfanya mtu awaze ziwa jeusi lililojificha chini ya mchanga wa Turkana likingoja mrija. Hakuna ziwa la namna hiyo. Mafuta yamo ndani ya jiwe. Yamejibana katika nafasi ndogondogo zilizo baina ya chembe za mchanga ulioshikamana ukawa mwamba, mithili ya maji yaliyomo ndani ya tofali lililoloweshwa usiku kucha. Kwa hivyo, nitatumia mwamba-hifadhi badala ya hodhi, ili tusisahau kwamba tunazungumzia jiwe.

Miamba ya bonde la Lokichar ilitokana kwa sehemu kubwa na mchanga na tope vilivyolazwa na mito na ziwa la kale, mamilioni ya miaka iliyopita, wakati Bonde la Ufa lilipokuwa likipanuka. Yeyote aliyewahi kutazama ukingo wa laga baada ya mafuriko anajua kwamba mto haulazi mzigo wake kwa usawa. Hapa pana changarawe, hatua tano mbele pana tope, chini yake mchanga laini, kisha tope tena. Mto ukihama, nao mchanga huhama. Rundika hali hiyo kwa mamilioni ya miaka, ifukie, iache iwe jiwe, nawe utakuwa na mwamba ambao kila hatua una tabia yake.

Rais Mwai Kibaki alipolitangazia taifa mnamo Machi 26, 2012 kwamba mafuta yamepatikana katika kisima cha Ngamia-1, mimi nililifurahia jina lenyewe pia. Baada ya Ngamia kukaja Twiga. Visima vilipewa majina ya Kiswahili, lakini maelezo ya kilichomo ndani ya visima hivyo yakabaki Kiingereza. Hapo ndipo shida ya msomaji wangu ilipoanzia.

Penya, penyeza, penyeka

Mwamba-hifadhi hupimwa kwa sifa mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kiasi cha vinyweleo, yaani ni sehemu gani ya jiwe iliyo wazi na inayoweza kushika mafuta, maji au gesi. (Kuna aliyewahi kunipendekezea tuiite utundu, kwa kuwa inahusu vitundu. Jamani, utundu tayari una wenyewe, nao ni watoto wetu.) Sifa ya pili ni wepesi wa kitu kioevu kupita ndani ya jiwe hilo.

Sifa hizi mbili hazifuatani kila mara. Chukua lile jiwe jepesi la kusugulia nyayo. Limejaa vitundu hadi linaelea majini. Lakini linaelea kwa sababu vitundu vyake vingi havijaungana, hewa imefungiwa humo na maji hayapati njia ya kuingia upesi. Jiwe hilo lina nafasi tele na njia chache. Mwamba wenye mafuta mengi na njia chache ni kama ghala lililojaa mahindi lakini mlango wake ni tundu la panya.

Tuiiteje sifa hii ya pili? Wengine husema upenyezaji. Mimi sikubaliani nao, na sababu yangu inatokana na sarufi yetu wenyewe. Kitenzi ni penya. Maji hupenya mwamba, na mtendaji ni maji. Tukiongeza kiambishi cha kusababisha tunapata penyeza, na hapa lazima awepo mtu anayekifanya kitu kipenye, kama mlanguzi anayepenyeza bidhaa mpakani. Upenyezaji basi ni kazi ya mpenyezaji. Mwamba haupenyezi chochote. Mwamba umelala tu. Sifa yake ni kwamba unaweza kupenywa, na Kiswahili kina kiambishi cha kazi hiyo hasa: vunja huzaa vunjika, soma huzaa someka, penya huzaa penyeka. Mwamba unaopenyeka una upenyekaji. Neno hili linatuambia sifa ni ya nani, jambo ambalo upenyezaji halituambii.

Aliyetuonyesha namna ya kuupima upenyekaji alikuwa Henry Darcy, mhandisi Mfaransa aliyeshughulikia maji ya mji wa Dijon. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1856 alieleza majaribio ya kupitisha maji kwenye bomba lililojazwa mchanga. Aligundua kwamba kiasi cha maji yanayopita huongezeka kulingana na tofauti ya msukumo baina ya ncha mbili za mchanga, na hupungua kadiri safu ya mchanga inavyorefuka. Baadaye kipimo cha upenyekaji kikapewa jina lake, darsi, na sehemu yake ya elfu ikaitwa milidarsi. Kanuni hiyohiyo hutumika leo kwa maji ya visima vyetu na kwa mafuta ya Turkana, ijapokuwa mafuta ya Turkana yana nta nyingi, huganda yakipoa, na lazima yasafirishwe yakiwa yamepashwa moto.

Kijiwe na kisanduku

Sasa tufike kwenye kiini cha swali. Upenyekaji hupimwa maabara kwa kijiwe kilichokatwa kutoka kwenye mwamba uliotolewa kisimani. Kijiwe hicho aghalabu kina upana wa sentimita 2.5 hivi na urefu wa sentimita 5. Unaweza kukifumbata kiganjani.

Kwa upande mwingine, wahandisi wanaotaka kujua mafuta yatatoka vipi kwa miaka 20 au 30 hutumia kompyuta. Wanaugawa mwamba wote katika visanduku, kila kisanduku wanakipa namba zake, kisha programu inakokotoa mafuta, maji na gesi vinavyosogea kutoka kisanduku kimoja hadi jirani yake, hatua kwa hatua. Kazi hii ninaiita uigaji wa mtiririko. Sisemi uigizaji, kwa sababu uigizaji una jukwaa na watazamaji, na kuna wanasiasa wanaoufahamu kuliko mimi.

Kisanduku kimoja katika uigaji kinaweza kuwa na mita 100 kwa mita 100 kwa upana, na mita 5 kwenda chini. Hebu tupige hesabu. Hizo ni mita za ujazo 50,000. Kijiwe chetu cha maabara kina sentimita za ujazo zisizotimia 25. Ndani ya kisanduku kimoja mnaingia vijiwe bilioni mbili na zaidi. Vijiwe hivyo havifanani, lakini programu inadai namba moja tu ya upenyekaji kwa kila upande wa mtiririko. Ni namba ipi itakayovisemea vyote?

Kwa nini wasitumie visanduku vidogo vidogo? Hujaribu. Wanajiolojia huchora mwamba kwa visanduku vidogo vinavyofika mamilioni. Lakini uigaji haufanywi mara moja. Hurudiwa mara mia na zaidi, kila mara kwa dhana tofauti kuhusu yale yasiyoonekana, na kompyuta hulemewa. Kwa hivyo visanduku vidogo hukusanywa na kufanywa vikubwa, na kila kikubwa hupewa namba inayovisemea vidogo vilivyomo.

Kazi hii Waingereza wanaiita kwa neno ambalo tukilitafsiri sisisi tutapata "kupandisha kipimo." Siipendi tafsiri hiyo. Anayesikia kupandisha atadhani upenyekaji umeongezwa, kama vile bei au mishahara inavyopandishwa. Hakuna kilichopandishwa. Kilichobadilika ni ukubwa wa kipande kinachozungumziwa. Napendekeza tuseme ujumuishaji wa upenyekaji, na namba inayopatikana tuiite upenyekaji mwakilishi. Neno mwakilishi nimelichagua makusudi. Sote tunajua mwakilishi wadi ni nani. Ni mtu mmoja anayesema kwa niaba ya maelfu. Na sote tunajua kwamba mwakilishi anaweza kusemea vyema masuala ya barabara na akasahau kabisa masuala ya maji.

Wastani tatu

Tuseme kisanduku chetu kina matabaka mawili tu yenye unene sawa. La juu ni la mchanga safi wenye upenyekaji wa milidarsi 1,000. La chini lina tope nyingi na upenyekaji wake ni milidarsi 1. Hizi ni namba za mfano, ila tofauti za namna hii ni za kawaida katika miamba iliyolazwa na mito.

Mafuta yakipita kwa mlalo, sambamba na matabaka, kila tabaka ni njia yake. Ni kama barabara ya Thika yenye njia kadhaa: foleni ikiganda upande mmoja, magari ya upande mwingine yanaendelea. Hapa tunajumlisha 1,000 na 1, tunagawa kwa mbili, tunapata milidarsi 500.5. Huu ndio wastani aliosoma msomaji wangu shuleni. Nauita wastani wa jumla.

Mafuta yakipita kwa wima, lazima yavuke mchanga kisha yavuke tope. Hayana hiari. Chukua mfano wa safari ya kilomita 120. Kilomita 60 za kwanza ni lami, na gari linakwenda kilomita 60 kwa saa. Kilomita 60 za mwisho ni makorongo, na gari linakwenda kilomita 20 kwa saa. Atakayejumlisha 60 na 20 na kugawa kwa mbili atasema mwendo wa wastani ni kilomita 40 kwa saa. Muulize abiria. Lami ilichukua saa moja, makorongo saa tatu. Kilomita 120 kwa saa nne ni kilomita 30 kwa saa. Sehemu mbaya ndiyo iliyoitawala safari. Katika mwamba wetu, hesabu ya namna hii hutoa takriban milidarsi 2. Hesabu hii huanza kwa kugeuza kila namba, yaani moja kugawa kwa namba hiyo, kisha mwishoni jibu hugeuzwa tena. Kwa hivyo nauita wastani wa kinyume.

Vipi kama mwamba hauna matabaka, bali mchanga na tope vimechanganyika ovyo? Hapo kuna hesabu ya tatu: zidisha namba hizo mbili, kisha tafuta kipeo cha pili. Kipeo cha pili cha 1,000 ni 31.6. Nauita wastani wa kizidisho. Mwanahisabati Mfaransa Georges Matheron alionyesha mwaka 1967 kwamba katika mtiririko wa pande mbili, ambapo mwamba mzuri na mbaya umegawana nafasi sawa na kupangika kwa namna isiyopendelea upande wowote, kama miraba ya ubao wa drafti, hili ndilo jibu sahihi kabisa. Mwamba wa kweli una pande tatu na haujapangwa kama drafti, ndiyo maana wahandisi hulitumia jibu hili kama kadirio tu.

Basi tazama: mchanga ni uleule, tope ni lilelile, na tuna 500, 32 na 2. Hakuna aliyedanganya. Kila jibu ni la swali tofauti, na swali hilo ni: mafuta yanapita wapi? Jambo moja tunaweza kulishika kwa uhakika. Upenyekaji wa kweli wa kisanduku hauwezi kuzidi wastani wa jumla, wala hauwezi kushuka chini ya wastani wa kinyume. Ukiambiwa namba iliyo nje ya mipaka hiyo, una haki ya kukunja uso.

Mwakilishi husahau nini?

Wahandisi wa leo hawaridhiki na njia hizi tatu. Hukichukua kila kisanduku kikubwa, wakaweka msukumo mkubwa upande mmoja na mdogo upande wa pili, wakaiachia kompyuta ikokotoe mtiririko kupitia visanduku vidogo vyote vilivyomo. Kisha huuliza: ni namba gani moja ambayo, ikiwekwa mahali pa hizi zote, ingepitisha kiasi kilekile chini ya msukumo uleule? Hiyo ndiyo maana kamili ya upenyekaji mwakilishi. Hata hivyo, jibu hutegemea dhana iliyotumika kuhusu kingo za kisanduku. Ukidhani kingo za pembeni zimezibwa kabisa unapata namba moja, ukidhani ziko wazi kwa jirani unapata nyingine.

Hata namba hiyo ikiwa sahihi, kuna kinachopotea. Tuseme ndani ya kisanduku mna mkondo mwembamba wa changarawe, unene wake sentimita chache, uliolazwa na mto wa kale. Namba mwakilishi itahesabu mchango wake na jumla ya mtiririko itakuwa sawa. Lakini maji yakidungwa upande mmoja ili kuyasukuma mafuta, programu itadhani yanasonga kwa pamoja kama ukuta. Ardhini haiwi hivyo. Maji hufuata mkondo, kama wasemavyo wahenga. Yatakimbia kwenye changarawe, yatokee kwenye kisima cha pili kabla ya wakati, na mafuta mengi yabaki nyuma kwenye tope. Kwa hiyo namba ileile inaweza kuwa kweli kuhusu kiasi kinachopita na isiwe kweli kuhusu wakati wa kufika kwa maji.

Hili halijafichwa na wataalamu. Mwaka 2001, Mike Christie na Martin Blunt walichapisha matokeo ya zoezi la Chama cha Wahandisi wa Petroli kuhusu ujumuishaji. Walikuwa wametoa mwamba wa kubuni wenye urefu wa mita 671, upana wa mita 366 na kina cha mita 52, uliogawanywa katika visanduku 1,122,000. Ulifuata sura ya miamba ya Brent iliyo chini ya Bahari ya Kaskazini. Matabaka 35 ya juu yaliiga mchanga wa pwani, ambao hubadilika polepole. Matabaka 50 ya chini yaliiga mikondo ya mito. Washiriki walitakiwa kutabiri kitakachotokea maji yakidungwa kwenye kisima cha katikati na mafuta kutolewa kwenye visima vinne vya pembeni. Waliotumia visanduku vyote walikaribiana. Waliojumuisha walitofautiana, kutegemea mbinu waliyoitumia. Hadi leo watafiti hujaribia mbinu zao kwenye mwamba huohuo, na matabaka ya mito ndiyo yanayowahangaisha zaidi. Nawe utakumbuka kwamba miamba ya Lokichar nayo kwa sehemu kubwa ilitokana na mito.

Kwa nini idadi hubadilika?

Turudi kwenye swali letu. Mpango wa uchimbaji uliotangazwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba bonde la Lokichar Kusini lingetoa mapipa milioni 585. Miaka michache kabla, kadirio lililotajwa lilikuwa milioni 560. Mabadiliko kama haya yana sababu nyingi: kisima kipya huleta vijiwe vipya, bei ya mafuta duniani huamua ni visima vingapi vitachimbwa, na mafuta yenye nta yana gharama zake. Ila mojawapo ya sababu hizo ni namna upenyekaji unavyojumuishwa. Mhandisi akibadilisha ukubwa wa visanduku au mbinu ya kuvijumuisha, idadi ya mapipa inaweza kusogea hata kama hakuna jiwe jipya lililoguswa. Kwa hivyo, mabadiliko peke yake si ushahidi wa hila. Pia si ushahidi wa uaminifu. Yanamdai mtaalamu aeleze kilichobadilika.

Na mwananchi ana sababu ya kudai. Chini ya Sheria ya Petroli ya mwaka 2019, serikali ya kaunti ina asilimia 20 ya fungu la serikali, na jamii ya eneo lenyewe ina asilimia 5. Pipa lililokadiriwa na lisitoke ni zahanati iliyopangwa na isijengwe. Kisha kuna maji. Mpango wa Lokichar ulihusisha kuchukua maji kutoka bwawa la Turkwel ili kuyadunga ardhini yasukume mafuta. Kiasi cha maji kitakachohitajika, na mapema kiasi gani yataanza kurudi pamoja na mafuta, hutegemea uigaji uleule na zile namba wakilishi. Mfugaji anayeuliza kuhusu wastani anauliza pia kuhusu mifugo yake.

Turkana imeshaonja namna sehemu ndogo inavyoweza kusemea sehemu kubwa. Mnamo Septemba 2013 kulitangazwa kwa shangwe akiba kubwa mno ya maji chini ya nyanda za Lotikipi. Uchunguzi zaidi ulipofanywa, maji yale yalipatikana na chumvi nyingi. Kule suala lilikuwa chumvi, si upenyekaji, lakini somo ni la ukoo mmoja: kutoka kwenye vipimo vichache hadi kwenye bonde zima kuna safari ndefu, na anayetangaza matokeo hana budi kutuambia amesafiri vipi.

Basi katika baraza lijalo, mtu anaweza kuinua mkono na kuuliza maswali manne kwa Kiswahili kisicho na kigugumizi. Je, upenyekaji mliotaja ni wa mlalo au wa wima? Visanduku vyenu vina ukubwa gani? Mmelinganisha matokeo ya visanduku vikubwa na ya vidogo, angalau kwa sehemu ya mwamba? Na kadirio la chini kabisa ni lipi, la juu kabisa ni lipi, si lile la katikati pekee? Swali la mwisho ni muhimu kuliko yote. Namba moja hufariji, lakini namba tatu hueleza.

Kazi yetu sisi wa lugha

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Urasmi huo hauna maana ukiishia kwenye hotuba za sikukuu. Mkalimani anayesimama kati ya mhandisi na wazee wa Lokichar ndiye anayeutekeleza, tena juani, na mara nyingi bila orodha yoyote ya istilahi mkononi. Tukimwachia neno wastani peke yake, tumemtuma shambani bila jembe.

Nimependekeza maneno machache: mwamba-hifadhi, upenyekaji, ujumuishaji, upenyekaji mwakilishi, wastani wa jumla, wa kinyume na wa kizidisho. Sidai kwamba ndiyo bora. Wanajiolojia wanaweza kuyakataa, na wenzangu wa isimu bila shaka watanikosoa kuhusu wa kizidisho. Karibuni. Ila atakayekosoa alete neno lake, na alipime kwa kipimo hiki: je, mtu aliyelisikia kwa mara ya kwanza barazani atakisia maana iliyo karibu na ukweli, au atapotoshwa? Upenyezaji unapotosha kidogo. Kupandisha kipimo kunapotosha sana.

Kuna wanaodai kwamba taaluma kama hizi ni nzito mno kwa Kiswahili na ni afadhali kuziacha kwa Kiingereza. Nawauliza: ni hatua gani katika maelezo haya iliyokwama kwa kukosa lugha? Uzito uliokuwepo ulikuwa wa mwamba wenyewe, na mwamba huo unamtatiza hata Mwingereza. Vyuo vikuu vyetu vina idara za jiolojia na idara za Kiswahili, na aghalabu ziko katika bewa moja. Yatosha wahadhiri wawili kutoka pande hizo mbili waketi alasiri moja, waandike istilahi 50 za mafuta na maji ya ardhini kwa maelezo mafupi, waziandalie pia Kiturukana kwa msaada wa wazawa wa lugha hiyo, na wazipeleke Lodwar na Lokichar kabla ya baraza lijalo.